Niliiuza Bustani ya Mungu kwa Kopo

Kopo lenyewe lilikuwa la mafuta ya kupikia, la kilo moja, maandishi yameshafutika. Mchuuzi alilishika kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akawa anatumbukiza chikanda, viazi vidogo vya porini, moja moja huku akizibonyeza kwa kidole gumba. Iliyo laini aliitupa pembeni. Iliyo ngumu, nyeupe, inayotoa ute kidogo ukiikwaruza kwa ukucha, ndiyo aliyoitaka. Kopo likijaa alilitikisa zishuke, kisha akaomba nyongeza tatu za juu, na sisi tukampa, maana usipompa anahamia kwa mwenzio. Nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa nimechimba tangu alfajiri, magoti yamelowa tope jeusi hadi mapajani, na makopo manne niliyouza siku ile yalinunua daftari, kalamu na sukari ya nyumbani. Mama alinipokea kama mtu mzima.

Kwetu ni upande wa Matamba, wilaya ya Makete. Ukitoka Chimala, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, unapanda kona hamsini na saba. Barabara yenyewe watu huiita hivyo hivyo, Hamsini na Saba. Abiria wageni huanza kuzihesabu kwa sauti, wakifika ya ishirini wananyamaza na kushika viti. Na ukifika Matamba hujamaliza, bado unapanda tena mpaka utokee kwenye uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, huku vilele vinavyouzunguka vikikaribia mita 3,000. Pale juu ni nyasi, vilima na mabonde ya maji, basi. Juni na Julai umande huganda asubuhi ukawa mweupe, na ukitembea unasikia ukivunjika chini ya miguu. Mvua zikianza Novemba, uwanda huo huo unabadilika rangi karibu kila wiki mpaka Aprili: manjano, zambarau, nyeupe, kisha yale mekundu yaliyosimama kama vijinga vya moto. Wazee waliita Bustani ya Mungu. Sisi watoto tuliita "juu" tu. "Leo naenda juu," unamwambia mama, naye anajua unakwenda kuchimba.

Chikanda ni viazi vya okidi, mmea wa maua unaoota kwenye nyasi za juu. Siyo kiazi cha kula mchana na chai. Ni vidude vidogo, kimoja kinaenea katikati ya kiganja na nafasi ikabaki. Kwetu hatukuvila. Vilipakiwa kwenye viroba, vikashushwa Chimala, vikaenda Tunduma, vikavuka kwenda Zambia, ambako wanavipenda kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu biashara hiyo kwenye nyanda za juu kusini ulikadiria kwamba idadi inayovuka inaweza kufika milioni nne kwa mwaka. Niliisikia namba hiyo baadaye sana, nikiwa mtu mzima. Sikustuka. Nilianza tu kupiga hesabu ya makopo.

Kuna jambo nataka lieleweke, kwa sababu watu wa mijini hutusimulia kama vile tulikuwa waharibifu tusiojua thamani ya kitu. Tulikuwa wakulima wa viazi mviringo. Ukivuna viazi, hata ukichimbua kwa makini namna gani, kuna masalia yanabaki ardhini, na msimu unaofuata yanachipua yenyewe katikati ya ngano au pareto mpaka unayachukia. Kichwani mwetu chikanda ilikuwa hivyo hivyo. Unachimba, kidogo kinabaki, mwakani kinaota. Hakuna aliyetudanganya. Tuliiangalia ardhi ya juu kwa macho ya shamba la chini, na shamba la chini lilikuwa limetufundisha vizuri mno.

Mwaka 2005 Kitulo ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 413 hivi, pamoja na msitu wa Livingstone. Tuliambiwa ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Kijijini watu walicheka. Hifadhi ni ya simba na tembo, ya maua ndiyo nini? Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu waliokuwa wakichungia juu ilibidi watafute pengine, na sisi wa chikanda tukawa wezi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina shamba, sina cheti cha kuniweka ofisini. Nikaomba kibarua cha kubeba mizigo ya watu waliokuja kuhesabu mimea.

Mzigo mkubwa ulikuwa fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja. Unatembea hatua kadhaa, unailaza chini, mnahesabu kilichomo. Siku ya kwanza mtaalamu, mtu wa makamo mwenye koti lililochanika kwapani, aliniuliza, "Kijana, hapa kuna nini?"

"Nyasi, mtaalamu."

"Hebu piga magoti."

Nikapiga magoti, kama nilivyokuwa nikipiga nilipokuwa darasa la tano, sehemu ile ile, tope lile lile. Akaanza kutenganisha majani kwa ncha ya penseli. Hili siyo lile, angalia nywele zake chini ya jani. Hili lina harufu, nusa. Lile ulilokanyaga lina jina. Tulipofika mimea ishirini na kitu, ndani ya mita moja, nilikuwa nimesahau kwamba nasikia baridi. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nusu yake niliijua. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameniambia majina: huu wa tumbo, huu wa kuku wenye kideri, huu mbuzi hali. Nilimtajia mtaalamu, naye akaandika kila jina. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu mwenye elimu akiandika maneno ya bibi yangu.

Kisha tukafika kwenye okidi, akaomba ruhusa ya mwenzake kuchimba moja, moja tu, ili anionyeshe. Akaishika shina na mizizi yake yote, akainawisha kwenye maji. Chini kulikuwa na viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, cha kahawia, kama titi la mbuzi mzee. Kingine kigumu, cheupe. "Hiki kilichosinyaa," akasema, "ndicho kimelisha ua hili unaloliona. Hiki kigumu ni cha mwakani."

Sikusema kitu. Kile kigumu ndicho nilichokuwa nauza. Kile cha kutupa, ambacho mchuuzi alikikataa kwa kidole gumba, hakikuwa na chochote ndani ya kuota tena. Kumbe tulikuwa tukichukua mwaka ujao, kopo baada ya kopo, na kuacha mwaka uliopita.

Nikajaribu kujitetea: si kuna mbegu? Akanipasulia tumba lililokauka. Kilichotoka ni vumbi, laini kuliko unga wa sembe, likapeperuka kabla sijasogeza uso. Mbegu ya hindi ina chakula chake ndani. Hii haina kitu. Ikianguka chini lazima ikutane na kuvu fulani ya udongoni itakayoilisha, isipokutana nayo inakufa, na ikikutana nayo bado inahitaji miaka kabla ya kutoa ua. Ndiyo maana huwezi kuipanda kwenye tuta ukaimwagilia. Baadhi yetu tulijaribu, wakati ule bei ilipopanda. Hazikuota.

Uwanda ule una aina zaidi ya 350 za mimea, na kati ya hizo okidi za ardhini ni 45. Nilipewa namba hizo nikazikariri kwa ajili ya wageni, maana baadaye niliongoza wageni kidogo. Wageni ni wachache, sitadanganya. Msimu wa maua ndio msimu wa tope, na kilichopambwa kwenye picha hakisemi kwamba gari litakwama. Lakini aliyefika Januari au Februari akashuka kwenye gari, kwa kawaida hunyamaza kwanza. Huo ukimya nimeuzoea, na bado naupenda.

Mara moja nilikwenda Tunduma kwa shughuli nyingine kabisa. Pale sokoni mama mmoja alikuwa na sinia, juu yake kitu cha kahawia kimekatwa vipande kama mkate mzito. Nikauliza ni nini. "Chikanda, baba, karibu." Nikanunua kipande. Unga wa vile viazi huchemshwa pamoja na karanga zilizotwangwa, magadi na pilipili, mpaka kinaganda. Ni kitamu. Ningependa kusema kilinishinda, ila nilikimaliza nikalamba vidole, kisha nikaongeza cha pili. Nilikuwa nimeuza kitu kile tangu utotoni bila kujua ladha yake. Tangu siku ile sijawahi kumtukana mlaji wa Zambia. Anapenda chakula cha bibi yake, basi. Lakini niliangalia lile sinia nikajiuliza ni mita ngapi za ile fremu zimelala pale, na jua lilikuwa bado la asubuhi.

Mtu angedhani baada ya hapo nilikuwa nimeerevuka. Miaka michache baadaye nilifanya kosa kubwa zaidi, tena safari hii kwa nia njema na kwa kupigiwa makofi.

Nilichaguliwa katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji. Ukaja mradi mmoja, una gari zuri na fulana za kugawa, ukatuletea miche: misindano na mikaratusi. Kaulimbiu ilikuwa kupanda miti, na nani atabisha kupanda miti? Wakauliza kijiji kina ardhi gani isiyotumika. Nikanyosha mkono, mimi niliyepiga magoti kwenye fremu, nikasema kuna kile kilima cha nyasi, nje ya mpaka wa hifadhi, kipo tupu.

Tupu! Neno hilo lilitoka kinywani mwangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshajua kwamba kilichomo ndani ya hifadhi kina majina, ila upande huu wa jiwe la mpaka macho yangu yalirudi kuwa yale ya zamani. Nyasi zilikuwa pori, na pori lilikuwa ardhi inayosubiri kazi. Tukachimba mashimo siku tatu. Wanafunzi waliimba. Mikaratusi tukaiweka bondeni, karibu na chemchemi, kwa sababu ingeota haraka.

Iliota kweli. Mwaka wa tatu au wa nne chini ya misindano hapakuwa na kitu isipokuwa sindano zake, zulia la kahawia, kimya kabisa, hata panzi hakuna. Na bondeni, kinamasi ambacho bibi alikuwa akichota maji mwaka mzima kikaanza kukauka kila Septemba. Mwanzoni tukasema ni mvua. Halafu mzee mmoja akaja kwenye kikao, akasimama taratibu, akasema, "Katibu, mvua ya mwaka huu tumeiona wote. Ile miti yako inakunywa." Watu wakacheka, nami nikacheka nao ili nisionekane.

Nyasi za mlimani zina kazi ambayo huioni ukiwa umesimama. Mvua ya miezi mingi na ukungu vinaingia kwenye ule udongo mweusi kama kwenye godoro, kisha maji yanatoka kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ya upande wetu yanashuka kuelekea Usangu, yanaingia kwenye Ruaha Mkuu, na huko mbele ndiyo hayo hayo yanayotegemewa na mashamba ya mpunga ya Mbarali, wanyama wa hifadhi ya Ruaha, na mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mtu wa Dar es Salaam akiwasha taa, hajui kwamba kuna kinamasi cha Makete kinahusika. Mimi nilijua, na bado nilikipandia mikaratusi.

Ya bondeni tuliikata, baada ya ugomvi. Misindano ya kilimani ni hadithi nyingine. Wakati huo ilikuwa imeshanenepa, na mbao zina bei. Kipande changu nilikikata na sikupanda tena. Jirani yangu hakukata, na simlaumu: miti ile imemsomesha mtoto chuo. Makete nzima ina nyumba za bati zilizojengwa kwa misindano. Anayekuja kutufundisha kwamba nyasi ni bora kuliko mbao, aje na jibu la ada.

Kuhusu moto nitasema kwa kifupi, kwa sababu bado kunanitia aibu. Bibi alikuwa na usemi wake kwamba moto una miezi. Ukichoma mapema, nyasi zikiwa bado na umajimaji, moto unapita juu juu kama mtu mwenye haraka, na mimea iliyoficha uhai wake chini ya udongo inachipua. Ukichoma Oktoba, unakula kila kitu. Mimi na shemeji yangu tulisafisha shamba Oktoba. Upepo ukageuka saa nane mchana. Moto ukashuka kwenye korongo lenye msitu, ukaingia kwenye mianzi, na mianzi ikaanza kupasuka kama bunduki. Tulipigana nao kwa matawi mabichi mpaka usiku. Nyasi zilirudi mvua ya kwanza. Lile korongo halijarudi, na njia ya kwenda kwetu inapita pale pale, kwa hiyo naliona kila siku.

Mama yangu si wa Makete. Ametoka upande wa Rungwe, ni Mnyakyusa, na kaka yake, mjomba wangu, alikuwa na shamba karibu kabisa na msitu wa ule mlima. Tulipokwenda likizo alitusimulia kuhusu kima wa ajabu anayeitwa kipunji: manyoya marefu, nywele zimesimama kichwani, mkia anaubeba juu, na halii kama wengine, anabweka kwa sauti nzito inayofanana na honi. Tulimsikiliza kama tunavyosikiliza habari za majini. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kule wakasikia hadithi hiyo hiyo kwa wawindaji, wakaamua kuifuata badala ya kuicheka, wakamwona. Mwaka uliofuata kundi lingine likamwona katika msitu wa Ndundulu, mbali kabisa, kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa duniani, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake katika mpangilio wa wataalamu, *Rungwecebus*, ya kwanza mpya kwa kima wa Afrika tangu 1923. Walipohesabiwa, mwaka 2008 ikachapishwa kwamba wapo 1,117 tu, wote.

Nikampelekea mjomba habari hiyo kwa furaha: mjomba, wamemgundua kipunji! Akaendelea kumenya ndizi. "Kwa hiyo sisi tulikuwa tunamwona nani?" Baadaye akaongeza, "Basi mwambie aliyemgundua aje amtoe kwenye mahindi yangu."

Kati ya msitu wa Rungwe na msitu wa Livingstone kuna shingo nyembamba ya ardhi, Bujingijila, iliyokuwa imeliwa na mashamba na moto, na wanyama wa pande mbili hawakuweza kupita vizuri. Pale wamekuwa wakirudishia miti ya asili. Nilipopelekwa kuona, nilisimama muda mrefu kwenye ile miche. Miti pale ni sawa, kwa sababu palikuwa msitu. Ni kazi ile ile niliyofanya mimi kwenye kilima, mashimo yale yale, watu wakiimba vile vile. Tofauti ni kwamba hapa kuna aliyeuliza kwanza palikuwa na nini.

Kipande changu cha kilimani kina miaka saba sasa tangu niondoe misindano. Kila Januari napanda na binti yangu, tunalaza fremu, niliyoitengeneza mwenyewe kwa mbao za misindano ile ile. Zimerudi nyasi, limerudi ua moja la manjano ambalo bibi aliliita dawa ya macho, na mwaka huu tumehesabu aina tisa. Okidi bado. Binti anasema labda vumbi lake halijafika. Namwambia labda limefika, halijakutana na mwenyeji wake.

Wiki mbili zilizopita simu iliita, namba ngeni. Sauti ya kijana, lafudhi ya mpakani.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe unayajua maeneo ya juu."

"Marahaba. Maeneo gani?"

"Ya mzigo, mzee. Chikanda. Siyo ndani ya hifadhi, hizi za vilima vya pembeni tu. Tunanunua kwa kopo."

"Kopo gani?"

"La kilo moja."

Nikamuuliza bei. Nilitaka kujua tu. Alipoitaja nilikaa kimya muda mrefu, mpaka akadhani mtandao umekatika.